Akara Sita na Ufunguo wa Nyumba ya Gatini

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Siku kubwa! Niandike upesi kabla mama mkwe hajaja kuuliza natumia kalamu ya nani.

Bi Marlúcia, yule mnunuzi wa samaki wa mapambo kutoka Manaus, amemaliza kujenga kituo chake karibu na gati. Samaki wanaovuliwa huku kwetu kwenye mto Rio Negro watakaa pale wiki mbili, wapumzike na kunenepa, ndipo wapandishwe meli. Anatafuta mtu mmoja wa kuwalisha. Mshahara upo, lakini si mshahara ulionikosesha raha mchana kutwa. Kazi ina nyumba! Vyumba viwili, bati jipya, choo ndani. Miaka kumi na moja naishi kwa mama mkwe wangu, Bi Osmarina. Miaka kumi na moja nakula unga wake wa muhogo huku ananitazama mdomoni. Leo kaniuliza mbele ya wageni kama meno haya nilikuja nayo au yameota hapa kwake.

Nimemwambia mke wangu Edilza aanze kukunja nguo. Kasema atazikunja akiuona ufunguo.

Tumechujwa tukabaki wawili. Mimi, na jirani yangu Elcimar, aliyenisimamia kwenye ndoa. Kila mmoja kapewa tangi la kioo na akara sita, wale samaki wa duara, bapa, wenye michirizi. Siku kumi na mbili. Chakula tunachagua wenyewe, na ndio mtihani wenyewe. Jumamosi ya tarehe 15 Bi Marlúcia ataangalia wa nani wamenawiri, na huyo atapewa ufunguo.

Baba yake Elcimar alivua samaki hawa miaka arobaini. Baba yangu alikuwa fundi redio. Lakini kichwa ninacho mimi.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Nimekaa kwenye bembea yangu ya kulalia tangu asubuhi nikitafakari kisayansi. Akara anakula nini mtoni? Takataka! Minyoo, wadudu, mbegu zilizooza. Kwa nini anakula? Kwa sababu hajawahi kupewa kitu kingine. Umaskini tu. Mlishe kama mgeni wa heshima uone atakavyong'aa.

Nimeanza na unga wa muhogo uliokaangwa kwa siagi. Vijiko vinne. Nani hapa mjini hapendi unga uliokaangwa kwa siagi?

Hawakuugusa. Uliobaki ukavimba. Kufikia adhuhuri tangi lilikuwa uji. Edilza kauliza kama samaki wanaumwa au ndio chakula chetu cha jioni. Nikamjibu sayansi haina haraka.

Nikapita kwa Elcimar kumchunguza. Tangi lake analiweka barazani, wazi kabisa, hana hata hofu. Anawapa kamba wakavu waliotwangwa, kiasi cha ncha za vidole viwili, mara mbili kwa siku. Basi! Kisha anafuta mikono, anakwenda kulala. Nilimwambia, ndugu yangu, utawaua kwa njaa. Akanicheka. Akasema tumbo la akara si kubwa kuliko jicho lake, ukimlisha kama mpiga makasia umemzika. Bahili! Mpaka samaki anawanyima.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Jibini. Nilikata vipande vidogo vya mraba, vizuri mno, kwa kisu cha mama mkwe. Jibini pia la mama mkwe.

Samaki mkubwa kuliko wote alikuja, akachukua kipande, akakitema. Akakichukua tena, akakitema tena. Maendeleo! Jana hakuchukua hata kidogo.

Maji yananuka kidogo.

Saa nane mama mkwe akafungua kabati. Sitaandika yote. Kwa ufupi alitaka kujua ni mwanamume gani huyu aliyeshindwa kumlisha binti yake jibini miaka kumi na moja, leo anawalisha samaki. Kisha akaniita "mkwe wangu mpendwa", na hapo nikajua hali ni mbaya. Nikatoka kupitia jikoni.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Usiku kucha sikulala nikiwaza, na asubuhi jibu likaja lenyewe. Kama wangu hawapandi haraka, wa Elcimar washuke.

Nyuma ya nyumba kuna tairi la pikipiki limejaa maji ya mvua. Leo nimelichungulia: viluwiluwi vya mbu, maelfu, vinajinyonganyonga. Uchafu usiosemeka! Nikavichota, nusu ya kopo tupu la maziwa ya unga. Samaki atakayekula kitu hiki lazima atapike, akonde, aombe dua.

Saa saba mchana mtaa mzima umelala. Elcimar alikuwa kwenye bembea, mdomo wazi, mguu mmoja chini. Nikapanda barazani kwa vidole vya miguu. Nikamimina. Samaki wake walivirukia vile viluwiluwi kwa pupa hata maji yakanirukia shati. Maskini, hawajui wanachokula. Nikahisi huruma, lakini haikudumu.

Nimerudi, nimelala usingizi mtamu.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Nilikwenda mapema kutoa pole. Hakuna msiba. Sita wote wazima, maji maangavu, viluwiluwi havionekani. Elcimar ananywa kahawa. Ananiambia kwa mshangao samaki wake jana jioni walikuwa wachangamfu sana.

Wachangamfu! Ni sumu hiyo inawapanda kichwani. Kumbe inafanya kazi polepole. Dawa ni kuzidisha kipimo. Nimekwenda kwa fundi pikipiki nikaomba matairi mawili mabovu, nikayajaza maji na kuyaficha nyuma ya choo. Tairi la kwanza bado lina akiba ya kutosha. Kopo zima leo, si nusu.

Wangu nimewapa sardini za kopo pamoja na mafuta yake. Sasa tangi lina utando wa dhahabu juu. Unapendeza jua likiupiga.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Samaki wangu wamegeuka weusi. Wote sita wamejibana pembe moja, wananipa mgongo.

Nilipiga magoti nikachunguza kila kitu: chakula bora, upendo tele, maji... maji ni maji. Basi liko jambo moja tu. Panema! Ule mkosi unaomwingia mvuvi, samaki wakamkataa mpaka atakapofukizwa. Nikakumbuka. Jana mama mkwe aliruka kijavu changu cha kuvulia samaki kilichokuwa mlangoni. Alikiruka, na sketi yake ndefu ikakipitia juu! Kwa mvuvi hakuna balaa zaidi ya hiyo. Nilipomwambia, alisema hakukiruka, alikuwa anatafuta pa kukanyaga maana sebule yake imegeuzwa bandari.

Dawa yake kila mtu hapa anaijua: moshi wa pilipili kavu. Nikawasha makaa katikati ya sebule. Nikatia pilipili viganja vitatu ili mkosi usipate nafasi ya kurudi. Nikajifukiza, nikafukiza kijavu, nikafukiza tangi pande nne.

Dakika mbili baadaye nyumba ilikuwa tupu. Edilza alitoka kwa kupitia dirishani. Mama mkwe alikohoa mtaani saa nzima, na kila alipopata pumzi aliitumia kunitukana. Elcimar alikuja mbio na ndoo ya maji akidhani tunaungua, akamwaga makaa yangu. Hujuma wazi!

Jioni samaki mmoja amekufa. Nilitaka kumzika kwa heshima. Edilza akamkaanga. Alikuwa na ladha ya jibini.

Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Nimekwisha kugundua kosa langu. Si chakula, ni rangi! Bi Marlúcia anatazama rangi. Nimewatilia unga wa mzingefuri, ule mwekundu wa kutia mchuzi rangi. Vijiko sita. Maji yamekuwa mekundu, samaki hawaonekani, na mimi mikono ni myekundu mpaka kwenye viwiko. Rafiki mmoja kanisimamisha njiani kuuliza nimechinja nini.

Mchana, nikitoka na kopo langu kwenda kwa Elcimar, nikakutana uso kwa uso na mama mkwe nyuma ya choo. Kachungulia ndani ya kopo. Kauliza viluwiluwi hivi vinakwenda wapi. Nikasema navimwaga.

"Gumersindo," akaniambia, "hebu nisikilize mara moja katika maisha yako. Marehemu mume wangu alikuwa akiwapa akara viluwiluwi hivi hivi, na Manaus walikuwa wanagombania samaki wake. Vimwage kwenye tangi lako! Mimi jibini langu nimeshakusamehe. Nataka upate hiyo nyumba, baba, nikusindikize mwenyewe na bembea yako begani!"

Ha! Mwanamke ambaye hajanitakia mema tangu siku ya harusi, leo ghafla ananipa ushauri. Niwape samaki wangu sumu kwa mkono wangu, nishindwe, azidi kunisimanga! Nilimshukuru kwa adabu. Nikaenda kuvimwaga kwa Elcimar.

Jumatano, tarehe 12 Novemba

Hatari! Bwana afya alikuja. Jocivan, yule mwenye kofia na kurunzi, anayepita nyumba hadi nyumba kutafuta mazalio ya mbu. Kwa bahati mbaya anajua kazi yake. Kaenda moja kwa moja nyuma ya choo.

Aliyapiga teke matairi yote matatu, maji yakamwagika, majeshi yangu yakafia mchangani. Akauliza matairi ya nani. Nikasema sijui, pengine ya jirani. Akauliza mbona yako kwetu. Nikasema jirani yetu huyo ana tabia ya kutupa vitu. Jocivan akasema safari hii anasamehe, lakini homa imeshaingia mtaa wa pili, na atakayemkuta anafuga mbu tena atatozwa faini na jina lake litasomwa kwenye kipaza sauti cha uwanja wa kanisa, mchana na jioni, wiki nzima.

Nilitetemeka. Nikajifanya natetemeka kwa hasira dhidi ya mbu.

Hata hivyo akili haikunitupa. Mtumbwi mbovu wa marehemu baba mkwe uko chini ya mgomba, umejaa maji, na Jocivan hakuuona. Humo viluwiluwi ni vinono kuliko vya matairini. Leo makopo mawili.

Alhamisi, tarehe 13 Novemba

Wangu amekufa mwingine. Wanne sasa. Watatu wamevimba vizuri, wana matumbo ya waheshimiwa. Wa nne anaogelea ubavu, ni mtindo wake tu. Nimewapa keki ya sherehe ya jirani.

Nikapita kwa Elcimar. Lazima niseme ukweli hapa, hakuna anayesoma. Samaki wake wanatisha kwa uzuri. Bluu, njano, wekundu kwenye mapezi, macho yanawaka. Wawili wamejitenga, wanasugua kwa midomo yao mtungi wa udongo uliomo tangini, kutwa nzima, wanausugua na kuusugua. Elcimar anasema maisha yake yote hajawahi kuona hivyo ndani ya tangi. Kaniuliza kwa sauti ya chini kama mtakatifu anaweza kuleta viluwiluwi, maana kila akiamka saa nane anakuta viwili vitatu vimebaki majini, na yeye hajatia.

Nikamwambia mtakatifu anaweza chochote.

Nimeelewa ninachokiona. Ni mweweseko. Mtu mwenye homa kali huongea ovyo, samaki husugua mitungi. Mwisho wao umekaribia.

Jumamosi, tarehe 15 Novemba

Nimeokoka!

Saa nne matangi mawili yamewekwa kwenye meza ndefu kituoni. Nusu ya mji imekuja. Mama mkwe kakaa mbele kabisa na upepeo wake wa majani. Edilza kavaa gauni la Krismasi. Sanamu ya Mama Bikira iko ukutani, ufunguo umening'inizwa chini yake. Na kando ya mlango, mikono kifuani, Jocivan! Bwana afya mwenyewe.

Bi Marlúcia alianza na langu. Aliinama, akanusa, akarudi nyuma. Kauliza nini kile kinachoelea. Nikasema keki. Hakuuliza tena.

Kwa Elcimar akasogeza uso mpaka kwenye kioo. Sita wazima. Kwenye mtungi kuna mayai! Mamia, na wazazi wawili wanayapepea kwa mapezi. Bi Marlúcia akasema ana miaka ishirini na mitatu kwenye biashara hii na hajaona akara wa mtoni akitaga tangini kwa siku kumi na mbili. Akamwuliza Elcimar kawalisha nini.

Na Elcimar, kwa ujinga wake wa kusema kweli, akasema yeye katoa kamba wakavu tu. Lakini kuna mtu alikuwa anamtilia viluwiluwi wakati amelala, kila siku, na hamjui.

Bi Marlúcia akasimama wima. Akatutazama wote. Uso mkavu. Akauliza: "Nani alikuwa anatia viluwiluwi humu?"

Jocivan akatoa kidaftari mfukoni. Naapa alikitoa!

Hapo ndipo yule mwanamke akainuka na upepeo wake. "Ni mkwe wangu!" akapaza sauti. "Huyu hapa, Gumersindo! Nimemwona kwa macho yangu mawili, na kopo mkononi!"

Msaliti! Mbele ya mji mzima! Nikaruka juu. Nikasema huyu bibi haoni hata sindano, mwezi uliopita alimsalimu mbuzi wa padre. Nikasema mimi na viluwiluwi hatujawahi kukutana. Watu wakacheka, nikajua nimewapata.

Bi Marlúcia akainua mkono. Akasema polepole, kama anayemwongelesha mtoto, kwamba hakuna anayelaumiwa. Aliyewalisha samaki hawa anajua kazi kuliko wote aliowahi kuwaajiri, na huyo ndiye anayemtaka. Atokee achukue ufunguo.

Hee! Mtego wa wazi hivyo! Polisi nao husema hivyohivyo: mwenye pochi hii aje aichukue, hakuna neno. Na Jocivan pale, kalamu imeshashuka kwenye karatasi!

Edilza akanishika shati. "Sema ni wewe! Gumersindo, nakuomba, sema ni wewe!" Machozi yanamtoka. Hata yeye wamemnunua.

Nikamtoa mkono. Nikaenda mpaka ukutani, nikaweka kiganja cha kulia juu ya miguu ya Mama Bikira, nikaapa kwa sauti iliyofika gatini kwamba mimi Gumersindo sijawahi kutia kiluwiluwi hata kimoja kwenye tangi la mtu yeyote, na kama nasema uongo nisipate nyumba yangu mwenyewe maisha yangu yote.

Mama mkwe alikaa chini. Upepeo ukamwanguka.

Bi Marlúcia akahema, akachukua ufunguo, akampa Elcimar.

Jocivan kanipita mlangoni bila hata kunitazama. Wala faini, wala kipaza sauti. Nimewashinda wote.

Jumapili, tarehe 16 Novemba

Edilza kanieleza mara tatu. Mara ya kwanza kwa upole, ya pili akilia, ya tatu akitumia vijiko na sahani kuonyesha nani alikuwa wapi. Ati viluwiluwi ndicho chakula bora kuliko vyote. Ati ufunguo ulikuwa wangu, nilichotakiwa ni kufungua mdomo. Ati Jocivan alikuwa anaandika idadi ya mayai kwa sababu yalimfurahisha. Sasa hasemi nami. Kahamia kulala chumba cha mama yake, na huyo mama yake kaifungua bembea yangu sebuleni akaifunga karibu na tundu la kuku. Kasema miaka kumi na moja mingine si mingi, nikipata hewa safi itapita haraka.

Nimefikiri sana, nikiwa pale na kuku. Wote wamekosea, na nitaeleza kwa nini.

Mayai yale si dalili ya afya. Kiumbe akiona kifo kinamjia anaharakisha kuacha watoto. Ndiyo maana walitaga! Sumu ilikuwa imefika mahali pake hasa, imebakiza siku chache tu. Kosa langu ni moja: nilianza nimechelewa. Wiki moja zaidi na Elcimar angekuwa na maiti sita na mimi ningekuwa kwenye bati jipya.

Sasa Elcimar ana matangi arobaini pale kituoni. Samaki wote hao mikononi mwa mtu anayelala saa saba mchana! Wakifa, Bi Marlúcia atamfukuza, na tuliobaki kwenye mchujo tulikuwa wawili tu.

Nimeshausafisha mtumbwi na kuujaza maji mapya. Nimepata mapipa matatu na sufuria kubwa ya kanisa. Nitaamka kabla ya jogoo, nichote viluwiluwi, nichuje, nibebe ndoo mbili mpaka gatini, nipitishe dirisha la nyuma, tangi hadi tangi, asubuhi na mchana, kila siku ya Mungu, Jumapili nazo, bila kumwambia mtu. Ni kazi ngumu na sitalipwa hata senti. Lakini nitawalisha samaki wake wote mpaka akione cha moto.